Waayalandi wa Jeppe

Nilikuwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani za kona ya kwetu Kensington, imewaka nyekundu, dirisha limeshuka nusu, nilipowaona. Wanaume watano, wale waimbaji wa Ayalandi, mvi zimechanwa vizuri, wamebandikwa kwenye tangazo ukutani juu ya duka la matairi, wanatabasamu kwa meno ambayo zamani zile hawakuwa nayo. Wanakuja Johannesburg kuaga. Tangazo lilisema hivyo: baada ya kuvunjika, na kurudiana, na kuvunjika tena, sasa wanazunguka dunia nzima kusema kwaheri ya mwisho kabisa. Nikacheka peke yangu garini. Mtu anayeaga mara tatu huyo haondoki, anataka kubembelezwa. Taa ikawa kijani, mimi bado nimekodoa macho, na dereva wa teksi nyuma yangu akapiga honi na kunitukana kwa Kizulu safi, tusi la mama kabisa, na mimi mwanamke wa miaka arobaini na mitano nikatoa mkono dirishani nikamrudishia lake. Siku ileile, napika chai, ujumbe ukaingia kwa namba ya Kanada: “Meneja, nitapita Joburg siku mbili, nakwenda Bujumbura. Nitakula kwako?” Alikuwa Désiré. Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita Meneja. Niliusoma mara nne, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, na chai ikachemka ikamwagika yote jikoni.

Niseme mapema, maana najijua, nikiachiwa nitazunguka mpaka nisahau nilikokuwa naelekea. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimdanganya Désiré siku. Simu kutoka kwao iliingia Alhamisi, mimi nikamwambia imeingia Jumapili. Basi, ni hilo. Likisemwa hivi linaonekana dogo, hata mimi nimejaribu kulifanya dogo kwa miaka ishirini na sita na limekataa. Sasa alikuwa anakwenda kwao kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, kwa watu wanaoijua siku ya kweli, na mimi nilikuwa na mlo mmoja wa kumwambia kabla hajapanda ndege. Habari za baba yangu aliyerudi nchini kwake, huku Afrika Kusini, kutoka ukimbizini kwetu, na za mama yangu wa Morogoro aliyemfuata akakuta nafasi yake ina mwenyewe, sizigusi hapa. Zimenichosha. Inatosha kujua kwamba nilitoka kwao kwa hasira, na begi moja, nikaenda kutafuta pa kulala Jeppestown, mtaa wa wageni wa hapahapa Joburg, ambako huulizwi ulitoka wapi ilimradi usijaze choo.

Nilipangishwa nusu ya chumba. Jengo lilikuwa karakana ya zamani, ghorofa ya pili, kuta za mbao nyembamba zimegawa ukumbi kuwa vyumba kumi na kitu, na kila chumba kimegawanywa tena kwa pazia. Nusu nyingine ilikuwa ya Mama Kapinga, fundi wa nguo kutoka Lubumbashi, aliyenipa kazi ya kupiga pindo na kuweka vifungo, na kila asubuhi alinisalimu kwa kunisuta: “Weye, Mutanzania, unalala kama tajiri.” Nilimpenda, lakini alikuwa na watu wake, kanisa lake, vikao vyake vya akina mama wa Kasai, na kila Jumapili alifunga kilemba akaondoka na mimi nikabaki na vitambaa. Sijawahi kuwa mpweke kama Jumapili zile. Nilikuwa nakaa juu ya kitanda nasikiliza majirani kupitia mbao: mtu anakwaruza sufuria, mume na mke wanagombana kwa Kilingala kisha wanacheka, redio ya Kizulu. Na chumba cha mkono wa kushoto, wavulana wanne wanaimba. Walikuwa wanaimba nyimbo za wale watano wa Ayalandi, kutoka kwenye CD iliyokwaruzwa, na kila ilipofika mahali fulani CD iliruka, na wao nao wakajifunza kuruka hapohapo. Mwezi wa kwanza niliuvumilia. Mwezi wa pili niligonga mbao nikapiga kelele, “Hapo mmeruka maneno mazima, nyie! Hamsikii?” Wakaacha kuimba. Kisha sauti moja ikauliza kwa adabu, “Dada, unayajua yaliyorukwa?”

Huyo ndiye Désiré. Alikuwa na miaka ishirini, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mrefu, mashavu yamebonyea, anatengeneza viatu barabarani mchana. Alikuwa na sauti ambayo mpaka leo nikijaribu kuieleza naishia kunyamaza. Wa pili alikuwa Kalala, Mkongomani wa Bukavu, mlinzi wa magari, mtanashati kupita kiasi, aliyepiga pasi hata soksi. Na wawili wa mwisho walikuwa Hassan na Hussein, mapacha wa Kigoma, waliokuwa wakibeba mizigo sokoni na wakiitikia kila kitu kwa pamoja, hata salamu. Wazungu wa kwenye CD walikuwa watano, sisi tulikuwa na wanne kwa sababu stuli za kukalia jukwaani tulizopata zilikuwa nne. Nasema sisi. Sikuimba hata noti moja, lakini baada ya wiki mbili za kuwaandikia maneno yaliyorukwa na kuwaeleza maana yake, maana Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha, Kalala alisema, “Uyu dada ni meneja, bana,” na nikawa meneja. Nikapewa simu ya kundi, simu moja kwa watu wote, ikae kwangu kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa nashinda ndani. Namba yake waliwapa ndugu zao wote, Bukavu, Kigoma na Bujumbura. Nilikuwa napokea salamu za watu ambao sikuwahi kuwaona. Mama yake Désiré alikuwa akipigiwa kila Jumapili kutoka kibanda cha simu cha pale chini, na mara mbili hivi alipiga yeye mwenyewe, akaniuliza, “Wewe ndiwe unamlisha mwanangu?” Nikasema ndiyo, mama. Akaniombea dua ndefu mpaka salio likaisha.

Siri ya wale Waayalandi, kama mtu hawajui, ilikuwa kwenye stuli. Wanakaa, wanaimba polepole, wameinamisha vichwa kama watu waliofiwa, halafu wimbo unapopanda sauti, ubeti wa mwisho, wote wanasimama kwa pamoja. Ni ujinga mtupu. Lakini nilikaa nikaufikiria ujinga ule, nikaona unafaa harusi za watu wetu kuliko kitu kingine chochote. Niliwashonea suti nyeupe kwa kitambaa cha bitana ambacho Mama Kapinga alikuwa amekikatia tamaa. Harusi ya kwanza ilikuwa ya Warundi, ukumbi wa kanisa, mchana wa jua kali. Wavulana walikaa kwenye stuli wakaanza, na watu wakaendelea kula, nami nimesimama karibu na mlango. Ikafika pale. Wakasimama. Désiré akafungua mdomo, na mama mmoja wa meza ya mbele akadondosha kijiko, akapiga kigelegele, kisha akina mama wote wakainuka nao, wakavua vitenge wakawafunika mabegani wale wavulana, mmoja juu ya mwingine, mpaka Hassan akapotea kabisa ndani ya vitenge na Hussein akawa anaimba kwa wawili. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, “Ee bwana ee! Hawa ni Waayalandi wa wapi? Wa Jeppe!” Jina likashika siku ileile. Baada ya hapo kila Jumamosi tulikuwa na harusi, ubatizo, sherehe za wanafunzi wa Kenya na Tanzania kule Braamfontein, mpaka wasichana wa chuo wakaanza kumwandikia Kalala barua. Mimi nilikuwa nashika mabegi. Hakuna anayemwambia mtu jambo hili: meneja ndiye mtu mpweke kuliko wote ukumbini. Wenzio wanafunikwa vitenge, wewe umekaa nyuma na viatu vyao vya kubadilisha mapajani, na mhudumu anakuruka na sahani akidhani umekuja kusubiri mtu.

Nilimpenda Désiré. Haya, nimesema, na wahusika wengine wote wameoa. Sikumwambia. Tulikuwa tunakula pamoja chumbani kwao, bugali, ule ugali wao, na ndagala, dagaa wa kwao, au samaki wakipatikana, wote mikono kwenye sinia moja, na yeye alikuwa na tabia ya kunisogezea upande wangu vichwa vya samaki kwa sababu aliwahi kunisikia nikisema navipenda. Sikuwa navipenda. Nilisema ili kuwaachia wao nyama. Kwa mwaka mzima nilikula vichwa vya samaki na kuona nimependwa. Nilijiambia kwamba tukishinda, tukirekodi, tukiwa watu, nitasema. Kila kitu nilikiweka baada ya kushinda. Na nafasi ya kushinda ikaja: shindano la vikundi vya waimbaji, Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa Braamfontein, na mshindi angerekodi santuri yake na kupigwa redioni. Tulijiandaa wiki sita. Wiki mbili kabla, Kalala alirudi na gazeti, uso umemshuka, akalitandaza juu ya kitanda. Waayalandi wa kweli walikuwa wamevunjika. Mmoja ametaka kuimba peke yake, wengine wamemnunia, basi. “Bakubwa bamegombana,” alisema Kalala, na macho yake yalikuwa mekundu kweli, simsingizii. Désiré alicheka. “Eish, Kalala, wewe sha! Wao wana nyumba za kwenda kugombania. Sisi tutavunjikia wapi? Chumba kimoja!” Tukacheka sote. Nakumbuka hata nilivyokuwa nimekaa.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wetu analijua, ingawa watoto wangu waliozaliwa hapa nikiwaeleza wananitazama tu. Kwa watu wetu, kifo hakisemwi kwenye simu, na hakisemwi kwa mfiwa. Simu inapigwa kwa rafiki, na inasema ugonjwa. Rafiki anaelewa. Anatafuta wazee wawili watatu, anapika, mfiwa anashibishwa bila kujua, wazee wanaingia mmoja mmoja kama wamepita tu, wanamkalia huku na huku ili akianguka adakwe, ndipo anaambiwa. Ndivyo alivyoambiwa Kalala miezi mitatu nyuma, kaka yake alipofariki Bukavu. Simu ilikuja kwangu: “Mwambie Kalala kaka yake ni mgonjwa sana.” Mimi, mjinga wa mambo, nilikuwa nakimbia kwenda kumwambia, na Mama Kapinga akanikamata mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. “Mugonjwa gani? Amekufa! Weye mutoto, hauelewe simu?” Alinifundisha siku ile. Alinifundisha vizuri mno.

Alhamisi, siku mbili kabla ya shindano, ninapiga pindo la suruali ya Hussein, simu ikalia. Alikuwa mjomba wake Désiré, Mzee Salvator, ambaye alikuwa amemlea. Sauti ilikuwa inakatika. “Binti, Désiré yuko?” Nikasema ametoka. “Mwambie mama yake ni mgonjwa sana. Yuko hospitali. Anamtaka. Mwambie apige simu hii, aseme naye.” Kisha salio likamwishia. Nilibaki na simu sikioni. Nikasema moyoni, amekufa. Sikuwa na shaka hata chembe, au nilijiambia sina. Nilikwisha fundishwa. Niliona kabisa maiti, niliona matanga, nilianza hata kupanga ni wazee gani wa Kirundi wa kuita. Na baada ya hapo nikafikiri, kwa akili iliyotulia ambayo mpaka leo inanitia kichefuchefu: kama amekufa, amekufa. Jumapili atakuwa amekufa vilevile. Wazee watapatikana Jumapili baada ya misa. Chakula kitakuwepo. Hakuna anayeharibikiwa. Nikaifuta ile namba kwenye simu, asije akaiona. Wakati ule nilisema ni kwa ajili yake, ili asijue akiwa peke yake barabarani na kiatu cha mtu mkononi. Leo najiuliza kwa nini sikumwambia Mama Kapinga, aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu na sindano mdomoni. Aliniuliza, “Nani?” Nikasema, “Watu wa harusi.” Kama ni mila tu, mtu haifichi mila kwa aliyemfundisha.

Jumamosi waliimba kuliko siku zote. Sitaki kuieleza sana. Waliposimama kwenye stuli ukumbi mzima ulisimama nao, wanafunzi, watu wa redio, mabibi waliokuja na vitenge kutoka Jeppe, na mimi kwenye pazia la pembeni nililia, na nilijua nalilia mambo mawili kwa pamoja. Tukashinda. Saa kumi kasoro tulikuwa nje kwenye ngazi, jua bado liko juu, Kalala anapigwa picha, mapacha wamebebana. Désiré alinishika mabega yote mawili. Hakuwahi kunishika hivyo. “Meneja, nataka kumpigia mama. Sasa hivi. Kile kibanda pale.” Alikuwa anaking'ang'ania kwa macho, hatua ishirini tu, hata foleni hakikuwa nayo. Nikasema, “Laini za Jumamosi mbovu, unajua. Kesho, tukiwa nyumbani, utamwambia vizuri.” Akaniamini. Aliniamini upesi sana. Akasema sharp, yaani sawa, akaenda kupigwa picha.

Jumapili asubuhi niliwaita wazee wawili wa kanisa lao, na Mama Kapinga akapika wali na maharage bila kuniuliza sana. Nilishuka kibandani kumpigia Mzee Salvator kwa namba niliyoitoa kwenye daftari la Désiré, ili nijue maziko ni lini, maana wazee wataniuliza. Alipokea yeye. Nikampa pole. Akasema, “Asante binti. Amefariki jana, saa kumi jioni. Tangu Alhamisi alikuwa anamngoja. Kila simu ikilia alikuwa anasema, nipe, nipe, ni Désiré. Hamkupata ujumbe wangu?” Nilikata simu ya mtu mzima aliyefiwa na dada yake. Nikapanda ngazi, nikakuta Désiré ameketi katikati ya wazee, anakula, anawasimulia ushindi, na mmoja wao ananitazama akingoja ishara. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Wakamwambia. Hakuanguka. Aliiweka sahani chini kwa uangalifu, akanawa mikono, akanigeukia. “Walipiga lini?” Nikasema, “Leo asubuhi.” Siku tatu baadaye, matanga yamejaa mpaka kwenye ngazi, alikuja akanikuta naosha vikombe. “Mjomba anasema alipiga Alhamisi. Anasema aliongea na msichana.” Nilikuwa na nafasi ya pili pale, mikononi, nikitaka. Nikasema bila kugeuka, “Amechanganyikiwa na msiba, maskini. Hakupiga.”

Hakuimba tena. Watu wa redio walipiga simu mara tatu kuulizia siku ya kurekodi, na mara ya nne nikawaambia kundi limevunjika, na wakasema pole kwa sauti ya mtu anayeandika jina la kundi linalofuata. Kalala alichukua suti yake akaenda Cape Town. Mapacha wakahamia Durban bandarini. Désiré alikaa miezi saba akishona viatu kimya, kisha ofisi ya wakimbizi ikampa nafasi ya Kanada, na siku ya kuondoka alinisimamisha pale mlangoni, akaniambia, “Wewe ndiwe uliyenipikia msiba. Wewe ni ndugu yangu.” Ningeweza kubeba tusi lolote. Hilo lilinishinda. Baadaye niliolewa, nikaachika, nikanunua kiduka changu cha nguo Kensington, nikazaa watoto wawili wanaoelewa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Watu wananiona mchangamfu. Lakini sikupata tena rafiki wa kula naye sinia moja, na ukweli ni kwamba sikumtafuta. Mtu akinisogelea nilikuwa najiuliza nitamfanya nini nikipewa nafasi.

Alikuja Ijumaa saa saba mchana. Amenenepa, ana miwani, ana koti zuri la baridi ambalo hapa halina kazi. Mwanangu alisema “Hi, uncle,” akaingia chumbani kwake. Nilikuwa nimepika sombe, kisamvu cha kwao, bugali, ndagala niliowafuata mpaka Jeppe. Alisimama mezani akavuta harufu, akafumba macho, akasema, “Bon, nimefika.” Hakukaa sana kabla hajaanza kunieleza safari yake: anakwenda kuweka jiwe kwenye kaburi la mama, ameshachonga maneno, atafikia hotelini. “Hotelini?” nikamuuliza. “Na kwa mjomba je?” Akasema, “Mjomba alikufa, ni mwaka wa nane huu. Sikuwa naongea naye.” Nikauliza kwa nini. Aliokota ndagala mmoja, akamrudisha. “Kwa sababu ya ule uongo wake. Kwamba alipiga Alhamisi. Nilimwambia, mzee, ungesema tu kwamba ulichelewa, ningekusamehe. Mbona unamsingizia msichana wa watu? Akaapa. Akaapia na Biblia. Nikaona, mtu anayeapa uongo juu ya mama yangu, basi. Aliandika barua, sikufungua. Alipoumwa waliniita, nikasema nina kazi. Sikumzika.”

Nilisema hapohapo. Sikutafuta maneno. “Désiré, alipiga. Alhamisi, saa nne asubuhi. Mimi ndiye msichana. Nilidhani mama amekwisha kufa, nilidhani ni zile simu zetu, nikataka muimbe kwanza. Nilitaka tushinde. Na baadaye nikaogopa.” Alinitazama, miwani yake ina ukungu wa mvuke wa chakula. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi. Nilikuwa nimejiandaa, Mungu anisamehe, hata kwa msamaha. Aliuliza jambo moja tu. “Pale kwenye ngazi, kibandani. Alikuwa hai?” Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaiweka karibu na sahani. Akasimama, nikajua anaondoka, lakini alitoa simu yake mfukoni, akatafuta namba, akaiweka mezani mbele yangu. “Huyu ni mke wa mjomba. Yuko hai. Mimi Jumatatu nitasimama mbele ya watu hawa, na sitasema maneno yako kwa mdomo wangu. Sema wewe.”

Nikabonyeza. Iliita mara nyingi. Alipokea mama mmoja mwenye sauti kavu, nikamwamkia shikamoo, nikamtajia jina langu, nikasema zamani nilikuwa Jeppestown, Johannesburg, na kwamba mimi ndiye niliyepokea simu ya Mzee Salvator. Akasema polepole, “Wewe ndiwe yule binti.” Nikasema ndiyo, mama. “Usiseme bado. Ngoja kwanza niwaite watoto, waje wasikie kuwa baba yao hakuwa mwongo.” Akaiweka simu mahali. Nilisikia akiita majina, nikasikia mlango, viti vikivutwa, sauti nzito za watu wazima wakiulizana ni nani huyo. Désiré alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na sikuthubutu kugeuka nione uso wake. Yule mama akarudi, akasema, “Haya. Tupo wote. Anza.” Nikaanza na siku.